Mnada wa korosho wahamia mtandaoni: bei yaonekana, lakini hupangwa wapi?

MSIMU wa korosho katika mikoa ya kusini mwa Tanzania hufunguliwa Oktoba, na kila mwaka swali la wakulima wa Tandahimba, Newala, Masasi na Liwale huwa lile lile: safari hii kilo itauzwa shilingi ngapi? Kwa miaka mingi jibu lilitoka ndani ya sanduku la zabuni lililofunguliwa mbele ya mkutano wa wakulima. Katika msimu wa 2024/25 minada ilihamishiwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na jibu likaanza kusomwa kwenye skrini.

Minada ya kwanza ya Oktoba 2024 ilitoa bei iliyovuka shilingi 4,000 kwa kilo. Wengi walishangilia na kuupongeza mtandao. Pongezi hizo zina haki yake, lakini mkulima au mfanyabiashara anayetaka kupanga mambo yake vizuri hana budi kutenganisha vitu viwili: chombo kinachoonyesha bei, na nguvu zinazoipanga.

Mnada unavyokwenda

Msingi wa biashara hii ni stakabadhi ghalani, mfumo uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08. Mkulima hupeleka korosho ghafi kwenye chama chake cha msingi, ambako hupimwa na kupangwa daraja la kwanza au la pili. Mzigo husafirishwa hadi ghala kuu, stakabadhi hutolewa, kisha chama kikuu cha ushirika huutangaza kwa wanunuzi.

Zamani mnunuzi aliandika bei yake kwenye karatasi, akaitia katika bahasha na kuitumbukiza sandukuni. Sasa huiingiza kwenye mfumo akiwa Mtwara, Dar es Salaam au nje ya nchi, nao wakulima waliokusanyika hutazama matokeo. Uamuzi wa mwisho umebaki kwao: mkutano hukubali bei au huikataa. Fedha hulipwa kupitia akaunti ya benki ya mkulima aliyesajiliwa.

Faida yake si ndogo. Bahasha haiwezi kupotea njiani wala kufunguliwa kabla ya wakati, na mnunuzi wa mbali hahitaji wakala wa kumshikia nafasi. Katika zao ambalo kutoaminiana kumewahi kuleta maafa, hilo peke yake lina thamani.

Makovu ya nyuma

Aprili 2013 nyumba za viongozi zilichomwa moto wilayani Liwale. Wakati huo wakulima walilipwa kwa mafungu mawili: malipo ya awali yaliyotokana na mkopo wa benki, na malipo ya pili baada ya mauzo. Walipoambiwa kwamba fungu la pili ni shilingi 200 badala ya 600 walizotarajia, hasira ililipuka. Chombo cha kuuzia kilikuwapo. Kilichokosekana ni maelezo ambayo mtu wa kawaida angeweza kuyafuata na kuyaamini. Baadaye utaratibu wa mafungu mawili uliachwa.

Miaka mitano baadaye siasa iliingia sokoni moja kwa moja. Bei ilikuwa imevuka shilingi 4,000 mwaka 2017, hivyo zabuni za Oktoba 2018, ambazo hata zilizo juu zilikuwa chini ya shilingi 3,000, zilikataliwa na wakulima. Novemba mwaka huo Rais John Magufuli aliwaondoa mawaziri wa kilimo na viwanda, akaivunja bodi ya korosho na kuagiza serikali inunue zao lote kwa shilingi 3,300. Jeshi lilipewa kazi ya kusomba mzigo.

Kununua kulikuwa rahisi kuliko kuuza. Mkataba wa tani 100,000 uliotiwa saini Januari 2019 na kampuni moja ya Kenya haukutekelezwa. Korosho zilikaa maghalani zikipoteza ubora, na wakulima wengi walisubiri fedha zao kwa miezi. Aidha, uhakiki wa kuwatafuta walionunua kwa "kangomba" ulichelewesha malipo zaidi. Somo lilikuwa gumu: serikali inaweza kuamuru bei ya kununulia, haiwezi kumwamuru mnunuzi wa nje ailipe.

Bei hupangwa wapi

Nguvu ya kwanza ni kalenda. Mavuno ya India, Vietnam na Afrika Magharibi hutoka zaidi kati ya Februari na Juni. Korosho za Tanzania huingia sokoni Oktoba hadi Januari, wakati viwanda vya India na Vietnam vimeanza kuishiwa malighafi. Pengo hilo ndilo mtaji mkubwa wa mkulima wa kusini. Mwaka 2024 pengo lilipanuka, kwani mavuno ya Ivory Coast, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, yalikuwa yamepungua. Kwa hiyo skrini ilionyesha njaa ya viwanda vya ng'ambo, haikuizalisha.

Nguvu ya pili ni dola. Shilingi 4,000 za Oktoba 2017, dola ikiwa zaidi kidogo ya shilingi 2,200, zilikuwa karibu dola 1.80. Shilingi 4,000 za Oktoba 2024, dola ikiwa kama shilingi 2,700, hazikufika dola 1.50. Mkulima aliyeona bei "imerudi" alipata idadi ile ile ya noti, lakini mnunuzi alitoa dola pungufu kwa kilo ile ile.

Nguvu ya tatu ni ubora, na hapa mkulima mwenyewe ana sauti. Mnunuzi wa kimataifa hahesabu kilo za korosho, huhesabu pauni za kiini kizuri zinazotoka katika gunia la kilo 80. Gunia la pauni 50 lina kiini cha kilo 22.7. Tofauti ya pauni moja yaonekana ndogo, lakini katika shehena ya tani 100 ni kilo zipatazo 570 za kiini. Korosho iliyookotwa mbichi, isiyoanikwa ikakauka vizuri, au iliyochanganywa na mawe na maganda ya mabibo, hupunguza pauni hizo na kuishusha zabuni ya ghala zima, pamoja na mzigo wa jirani aliyefanya kazi yake kwa uangalifu.

Hali ya hewa nayo imo katika hesabu hiyo. Mvua zikiwahi wakati wa kuokota, korosho hunyesewa chini ya mti na kuota madoa. Kabla ya hapo mkulima amepambana na ubwiriunga, ukungu unaoshambulia maua na machipukizi. Ugonjwa huo, bei duni na kuhamishiwa kwa watu vijijini mbali na mashamba yao ni miongoni mwa sababu zilizoangusha uzalishaji kutoka tani zipatazo 145,000 katika msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Salfa iliokoa mikorosho, ingawa tangu miaka ya 1990 watafiti wameonya kuwa vumbi lake likirudiwa kila mwaka huongeza tindikali katika udongo wa kichanga.

Ganda linakobanguliwa

Nguvu ya nne ndiyo inayozungumzwa mno na kutekelezwa kidogo. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania husafirishwa ghafi. Viwanda vya ubanguaji vilijengwa tangu enzi za Azimio la Arusha. Baada ya ubinafsishaji, kadhaa viligeuka maghala ya kuhifadhia korosho hizo hizo zinazokwenda nje. Sheria inatoza ushuru wa asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo, ili kuwavuta watu wabangue nyumbani. Hata hivyo ushuru haujatosha.

Hesabu yaeleza sababu. Kwa bei ya shilingi 4,000, gunia la kilo 80 ni shilingi 320,000. Likitoa kilo 22.7 za kiini, malighafi peke yake imegharimu zaidi ya shilingi 14,000 kwa kila kilo ya kiini, kabla ya mishahara, umeme, vifungashio na viini vilivyovunjika. Mbanguaji wa Mtwara hulazimika kununua akiba ya mwaka mzima katika miezi mitatu kwa mkopo wa benki, na riba humkimbiza hadi msimu ujao. Mshindani wake wa Vietnam hununua Tanzania mwishoni mwa mwaka na Afrika Magharibi mwanzoni mwa mwaka, hivyo fedha yake huzunguka zaidi ya mara moja.

Bei nzuri kwa mkulima ni malighafi ghali kwa kiwanda, na mvutano huo hauondolewi na mnada wa aina yoyote, wa karatasi au wa mtandao. Unahitaji mikopo ya riba nafuu ya msimu, umeme wa uhakika na soko la mafuta ya maganda, ambayo kwa sasa huondoka na korosho ghafi bila kulipiwa peke yake.

Wanaonufaika na kungoja

Kuna kundi ambalo skrini haiwafikii kabisa. Ni kaya zinazoishiwa chakula au karo ya shule mwezi Agosti na Septemba, zikauza korosho zingali mtini kwa mnunuzi wa kangomba. Mauzo hayo ni kinyume cha taratibu, na huenda kwa sehemu ndogo tu ya bei ya mnada. Oktoba mnada unapotoa bei kubwa, faida humwendea yule aliyekuwa na fedha taslimu miezi miwili kabla. Chama cha msingi kinachoweza kumkopesha mwanachama wake fedha kidogo za kuvukia miezi hiyo humwongezea kipato kuliko nyongeza ya shilingi mia moja kwenye zabuni.

Kwa wafuatiliaji wa soko, basi, dalili za kutazama kabla ya mnada wa kwanza ni nne: mavuno ya Ivory Coast ya kati ya mwaka, thamani ya shilingi kwa dola, mvua za Oktoba na Novemba, na pauni zinazopatikana katika sampuli za maghala. Mkulima hana mamlaka juu ya tatu za mwanzo. Ya nne huanzia kwenye mkeka wake wa kuanikia.