Treni, pamba na kumbukumbu: Siku nne katika miji iliyofufuka ya kaskazini mwa Uingereza

Kaskazini mwa Uingereza iko miji ambayo katika karne ya kumi na tisa iliivisha nguo sehemu kubwa ya dunia. Pamba na sufu ziliijaza mali, na moshi wa vinu ukaifunika anga yake. Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, gati zikajaa tope, na vijana wakakosa kazi walizofanya baba zao. Leo miji hiyo inatajwa kuwa imefufuka, na miongoni mwa nyenzo kuu za ufufuo huo ni utamaduni. Maghala yamefanywa makumbusho, na vinu vimekuwa kumbi za sanaa.

Mwezi wa Julai 2025 tulifunga safari ya siku nne kwa treni kwenda kuitazama. Tulikuwa familia mbili, watu wazima wanne na watoto watano. Hatukwenda kustaajabia majengo tu. Tulitaka kujua, mji unapofufuliwa, kinachofufuliwa ni watu au ni kuta? Na je, Waislamu waliotutangulia katika miji hiyo, waliotia makaa ya mawe katika meli na kusimama zamu za usiku mbele ya mashine, wamo katika kumbukumbu yake?

Siku ya kwanza: Liverpool

Tulianzia bandarini, kwenye gati la Albert Dock lililofunguliwa mwaka 1846. Maghala yake yalijengwa kwa matofali, mawe na chuma, bila ya nguzo za mbao, ili yasiungue kwa urahisi. Lilifungwa mwaka 1972, na lau si waliokataa libomolewe lisingekuwapo leo. Jumba la sanaa la Tate lilifunguliwa humo mwaka 1988, na miaka 20 baadaye Liverpool ikawa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya.

Tate na Makumbusho ya Kimataifa ya Utumwa, yaliyofunguliwa hapo mwaka 2007, yote mawili tuliyakuta yamefungwa kwa ukarabati. Mwenye kupanga safari na aulize mapema. Hata hivyo, gati lenyewe ni darsa. Tuliwaeleza watoto kwamba meli za mji huu zilibeba Waafrika kwenda utumwani hadi sheria ya mwaka 1807 ilipopiga marufuku biashara hiyo, na kwamba kwa miongo mingi baada ya hapo pamba iliyoshushwa hapa iliendelea kuchumwa na watumwa wa Marekani.

Alasiri tulikwenda Brougham Terrace, katika nyumba inayotajwa kuwa msikiti wa kwanza wa England. Mwanzilishi wake, William Henry Quilliam, alikuwa wakili mzaliwa wa mji huo. Alisilimu mwaka 1887 baada ya kuzuru Morocco, akajiita Abdullah, na mwaka 1889 akahamishia jumuiya yake katika jengo hili. Palikuwa na mahali pa sala, madarasa na mtambo wa kuchapia. Kadhalika alianzisha nyumba ya kulelea watoto wasio na walezi, na kuanzia mwaka 1893 alichapisha gazeti la Waislamu la kila wiki, *The Crescent*. Sisi wasomaji wa magazeti ya aina hiyo tuna nasaba naye.

Quilliam aliondoka mwaka 1908 na jumuiya ikatawanyika. Kwa miaka mingi jengo lilikuwa ofisi ya serikali ya mji ya kusajili vizazi, ndoa na vifo. Waislamu wa kizazi cha baadaye ndio waliounda jumuiya ya kulikomboa, wakachangishana, na mwaka 2014 likafunguliwa tena kwa sala. Huu nao ni ufufuo, ingawa mabango ya utalii hayautaji mara nyingi.

Siku ya pili: Manchester

Njia ya reli kati ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa Septemba 1830, nayo ndiyo reli ya kwanza duniani ya kuunganisha miji miwili kwa treni za mvuke. Ilikusudiwa kuharakisha pamba kutoka bandarini kwenda vinuni. Leo safari huchukua chini ya saa moja. Stesheni ya awali ya Manchester ingalipo, na ni sehemu ya Makumbusho ya Sayansi na Viwanda, mahali ambapo watoto waliziona mashine za kusokota na kufuma. Bibi zetu waliita kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi "merikani", kwa sababu kilifika pwani yetu kwa majahazi ya Wamarekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoizuia Marekani, nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi hiyo. Basi historia ya mashine zile ilipita pia katika makasha ya nyumbani kwetu.

Makumbusho ya Manchester, yaliyo chini ya chuo kikuu cha mji huo, yalifunguliwa upya Februari 2023. Ndani yake mna ukumbi wa Asia Kusini ulioandaliwa pamoja na watu 30 wa jamii hiyo, si wataalamu wa makumbusho peke yao. Wao ndio walioshauriana kipi kionyeshwe na kielezwe vipi. Mna pia chumba cha sala na mahali pa kulia chakula mlichokuja nacho. Kiingilio ni bure. Mwendo mfupi kutoka hapo iko barabara ya Rusholme yenye mikahawa mingi ya chakula cha halali.

Siku ya tatu: Bradford

Treni ya kwenda Bradford hupita katika bonde la mto Calder, na kila baada ya muda huonekana bomba la moshi la kinu cha zamani. Tulishuka Halifax kwa saa moja kuona Piece Hall, soko la vitambaa vya mikono lililofunguliwa mwaka 1779. Ukarabati wake ulikamilika mwaka 2017, na sasa uwanja wake mpana umezungukwa na maduka.

Mwaka 2025 Bradford ndiyo iliyokuwa Mji wa Utamaduni wa Uingereza. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, asilimia 30.5 ya wakazi wake ni Waislamu. Wengi ni watoto na wajukuu wa watu wa Mirpur waliokuja kufanya kazi katika vinu vya sufu, baadhi yao baada ya vijiji vyao kufunikwa na maji ya bwawa la Mangla miaka ya 1960. Walipewa aghalabu zamu za usiku. Kisha vinu vikafungwa, na kazi iliyowaleta ikatoweka.

Kwa treni ya dakika chache tulifika Saltaire, kijiji alichokijenga Titus Salt kando ya kinu chake kilichofunguliwa mwaka 1853. Aliwajengea wafanyakazi nyumba, shule na hospitali, na akapiga marufuku vilabu vya pombe kijijini. Kinu kilifungwa mwaka 1986. Mwaka uliofuata Jonathan Silver alikinunua na kukijaza kazi za David Hockney, mchoraji mzaliwa wa Bradford. Sasa humo mna maduka ya vitabu, mikahawa na ofisi. Kijiji chenyewe kimo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2001.

Kinu cha Lister, kilichokuwa miongoni mwa vinu vikubwa vya hariri duniani, kilifungwa mwaka 1992, na sehemu yake kubwa imegeuzwa nyumba za kuishi. Karibu yake ipo bustani ya Lister, na ndani ya bustani hiyo liko jumba la sanaa la Cartwright Hall na bustani ya maji iliyotengenezwa kwa mtindo wa Mughal. Baada ya sala ya Alasiri tulizungumza na mzee mmoja aliyefanya kazi ya kuchana sufu usiku kwa miaka mingi. Alitusimulia kuwa alipita mbele ya jumba lile kila siku wala hakuingia, kwani alidhani si la watu kama yeye. Aliingizwa na mjukuu wake wa kike, aliyemshika mkono na kumpeleka hadi mbele ya picha ya vinu. Akasimama akaanza kumweleza mashine moja moja.

Hatudai kwamba picha ukutani hulipa kodi ya nyumba. Bradford ingali na umaskini, na kazi zilizopotea hazikurudi kwa sababu ya maonyesho. Lakini mzee yule alipata mahali pa kusema, na mjukuu wake akapata kumjua. Hilo nalo ni jambo.

Siku ya nne: Gateshead na South Shields

Tulibadili treni Leeds tukaelekea Newcastle. Ng'ambo ya mto Tyne, upande wa Gateshead, liko jengo refu la BALTIC, lililokuwa kinu cha unga na likawa jumba la sanaa ya kisasa mwaka 2002. Jina la kinu lingali limeandikwa ukutani. Watoto walipendezwa zaidi na ndege wa baharini waliotaga kwenye kingo zake, nasi hatukuwalaumu.

Kisha tukapanda treni ya mji hadi South Shields. Hapa mabaharia wa Kiyemeni walikita makazi tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Wengi waliajiriwa kupitia Aden kutia makaa katika matanuri ya meli. Walioa, wakazaa na wakazikwa hapa. Mwaka 1977 Muhammad Ali alifika katika msikiti wa mji huu pamoja na mkewe Veronica, na ndoa yao ikaombewa dua.

Kwa wenye kunuia safari

Kadi ya punguzo ya familia hupunguza theluthi moja ya nauli za watu wazima na asilimia 60 ya nauli za watoto katika treni nyingi, na tikiti za mapema huwa nafuu zaidi. Julai jua huzama baada ya saa tatu usiku, hivyo watoto wadogo hulala kabla ya Magharibi. Kwa msafiri anayelala usiku mmoja kila mji, rukhsa ya kupunguza na kukusanya sala ilitufaa sana. Sanaa ya kisasa si yote inayofaa macho ya watoto. Waulizeni wahudumu mlangoni, nao hueleza bila kinyongo.

Jibu la swali letu tulilipata nusunusu. Kuta huokolewa na wenye fedha, lakini watu huokolewa na wanaouliza na kuandika. Kwetu pia wapo waliosimama mbele ya mashine za Urafiki, waliopakia katani bandarini, na waliopiga filimbi katika stesheni za reli ya zamani. Wazee hao wanapungua mwaka hadi mwaka. Wazazi, wapelekeni watoto wakawasikilize wangali hai, na wachukue daftari na kalamu.