Fahamu: Jinsi redio inavyopima umbali wa nyota kubwa

VY Canis Majoris ni miongoni mwa nyota kubwa zaidi zinazojulikana, lakini imegubikwa na vumbi. Mawimbi ya redio hupenya vumbi hilo. Mvuke wa maji unaoizunguka hutoa mawimbi makali, na antena nne za mradi wa VERA nchini Japani huyanasa kwa pamoja, kama darubini moja yenye upana wa kilomita 2,300.

Dunia inapolizunguka Jua, vyanzo vya mawimbi hayo huonekana kuyumba. Nyota ikiwa mbali zaidi, huyumba kidogo zaidi. Ukiondoa kuyumba huko, unabaki mwendo wa nyota na gesi yake.

Mwaka 2008 vipimo vilionyesha umbali wa takriban miaka ya nuru 3,700, si 4,900 iliyokadiriwa awali. Hivyo, nyota hiyo haina mng'ao mkubwa kama ilivyodhaniwa.