Mapunye yanayorudi kila mwezi: Kwa nini dawa ya kupaka peke yake haitoshi

Jumapili jioni katika nyumba nyingi ni saa ya kupiga pasi sare, kung'arisha viatu na kukagua vichwa. Hapo ndipo mama analiona tena lile baka la mviringo kisogoni mwa mtoto, jeupe kama limepakwa majivu, palepale lilipokuwa mwezi uliopita. Tyubu ya kwanza imeisha, ya pili nayo imeisha. Kichwa kimesuguliwa ndimu, kimepakwa kitunguu saumu, na jirani ameshapendekeza mafuta ya taa. Shuleni wenzake wamempa jina la utani, na siku hizi mtoto hataki kuvua kofia hata wakati wa kula.

Mzazi huyu hajazembea, ila dawa anaipaka mahali isipofikia ugonjwa. Mapunye yanaletwa na fangasi, na fangasi hawa hawakai juu ya ngozi tu kama wale wa katikati ya vidole vya miguu. Wanashuka kwenye tundu la unywele na kuingia ndani ya unywele wenyewe. Ndiyo maana nywele za mtoto mwenye mapunye hukatika, nyingine usawa wa ngozi kabisa, zikabaki kama vidoti vyeusi. Dawa ya kupaka, hata iwe ya bei gani, haifiki huko chini. Inapunguza magamba, baka linafifia, mama anashukuru Mungu, na baada ya wiki chache linachomoza upya.

Zinazodanganya zaidi ni zile tyubu zenye dawa ya fangasi na steroidi pamoja. Muwasho unatulia upesi na mzazi anaamini amepata kiboko yake, kumbe fangasi bado wamo. Mafuta ya taa ndiyo hayafai kabisa: yanaunguza ngozi na ni hatari karibu na moto.

Kinachomaliza mapunye ni dawa ya kumeza. Inayotumika miaka mingi ni griseofulvin, ambayo kwa kawaida mtoto huinywa kila siku kwa wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Kipimo chake hufuata uzito, hivyo mtoto wa kilo 15 hapewi sawa na wa kilo 30, na vidonge vyenyewe havina nguvu moja. Kwa sababu hiyo ni vyema mtoto apelekwe kituo cha afya akapimwe uzito na kuangaliwa kichwa, badala ya kumtuma dada dukani na jina la dawa kwenye karatasi. Mabaka mengine ya kichwani si mapunye. Lile lililo laini kabisa, lisilo na magamba wala nywele zilizokatika, huenda ni ugonjwa mwingine, na dawa ya fangasi haitalisaidia.

Jambo moja ambalo wazazi wengi hawaambiwi dirishani pa dawa ni kwamba griseofulvin hufyonzwa vizuri zaidi ikiambatana na chakula chenye mafuta. Maziwa yasiyoondolewa mafuta, yai la kukaanga, karanga au kipande cha parachichi vinatosha. Mtoto anayeimeza asubuhi kwa chai ya rangi na kuondoka zake shuleni anapoteza sehemu ya dawa hiyo.

Wengi hukwamia kwenye wiki ya tatu. Nywele zimeanza kuota, mtoto hajikuni tena, na vidonge vilivyobaki vinasahaulika kabatini. Fangasi waliobaki hawajasahau. Wengine huacha mapema zaidi, kwa sababu mara dawa inapoanza huweza kutokea vipele vidogo vya kuwasha masikioni, shingoni na hata kifuani. Mara nyingi huo ni mwili unaopambana na fangasi, si lazima uwe mzio wa dawa. Mrudishe mtoto akaangaliwe kabla ya kukata shauri la kuacha.

Kuna hali moja isiyopaswa kusubiri. Kichwa kinavimba sehemu moja, panakuwa laini kama tope, panauma na kutoa usaha, na mitoki inajitokeza nyuma ya shingo. Kwa macho ni jipu, na watoto wengine hupelekwa kupasuliwa. Ikiwa ni mapunye yaliyochachamaa, wembe haumsaidii mtoto. Anahitaji dawa ya fangasi ya kumeza, na mapema, kwa sababu uvimbe huo ukiachwa unaweza kuua mashina ya nywele. Pakishakuwa na kovu, nywele haziotai tena.

Lakini hata dozi iliyomalizwa vizuri haiwezi kushinda mashine chafu. Shule nyingi zinataka wanafunzi wanyoe, wavulana kwa wasichana, na mwisho wa likizo foleni kwa kinyozi inafika barabarani. Mashine inatoka kichwa hadi kichwa. Kuipitishia pamba yenye spiriti kwa juu huku vinyweleo vimejaa kati ya meno yake ni kujifariji tu. Kwanza nywele ziondolewe kwa brashi, kisha ndiyo dawa. Mzazi asione haya kusema, "Kaka, naomba uisafishe kwanza." Familia inayoweza kununua mashine yake, au mbili zinazochangia na kuitunza, inajiokoa na mengi. Wembe ukitumika, uwe mpya kwa kila mtoto.

Nyumbani, wakague na wadogo zake na kaka zake, hata wale wasiojikuna. Mtu anaweza kubeba fangasi hawa bila baka lolote, wakiwemo watu wazima ambao wenyewe ni nadra kuugua. Shampuu yenye ketoconazole, ikiachwa kichwani kama dakika 5 kabla ya kusuuza, mara mbili kwa wiki, haiponyi peke yake ila hupunguza mbegu za fangasi zinazodondoka, na nyumba nzima inaweza kuitumia. Kitana, kofia, hijabu na foronya kila mtu awe na vyake, vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Na paka mwenye mabaka yasiyo na manyoya naye anahitaji daktari wa mifugo.

Shuleni aende. Akishaanza dawa ya kumeza hakuna sababu ya kumfungia nyumbani wiki 8, wala kumkalisha dawati la peke yake, na mwalimu wa darasa aambiwe hivyo waziwazi siku ya kwanza, maana yeye ndiye atakayelizima lile jina la utani. Magamba yakiwa bado yapo dozi ikielekea mwisho, mtoto arudi kituoni, na ikibidi aombewe rufaa ya kliniki ya ngozi, ambako magamba au nywele chache huchukuliwa na kuangaliwa kwa darubini kabla ya kuamua dawa iendelee au ibadilishwe.