Mbegu Ambazo Hatutazipanda Tena

Kila vuli inapokaribia, maduka ya pembejeo mjini Same hujaa pakiti za mbegu zenye picha za kupendeza: nyanya nyekundu zisizo na doa, kabichi zilizofunga barabara, karoti zilizonyooka. Miezi mitatu baadaye, katika baraza za misikiti na vikao vya akina mama, husikika maneno mengine: mbegu hii imenila fedha, mbegu ile sitaigusa tena. Malalamiko hayo yanastahili kusikilizwa, kwani hasara ya bustani katika wilaya yetu si bei ya pakiti pekee. Huko milimani watu wengi humwagilia kwa maji ya ndiva, yale mabwawa ya wazee wetu yanayojaa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Familia iliyotumia zamu zake kwa miche isiyozaa imepoteza msimu, na mboga ya watoto itanunuliwa sokoni mpaka masika.

Hata hivyo, ukiyasikiliza malalamiko hayo kwa makini utagundua kwamba mbegu inayolaumiwa na jirani mmoja husifiwa na mwingine. Kwa hiyo tuzichunguze, tujue ipi ilikuwa mbovu na ipi tuliipeleka mahali pasipo pake.

Tuanze na nyanya. Moneymaker ni aina kongwe iliyotoka Uingereza. Hurefuka mfululizo, huhitaji kusimikiwa miti na kupunguzwa machipukizi, na tunda lake la mviringo lina ngozi nyembamba. Aliyeipakia katika matenga na kuiteremsha kwa barabara ya mlimani amekuta nusu ya mzigo imepondeka. Huyo hataipanda tena, na ana haki. Lakini mama mwenye miche sita nyuma ya jiko, anayechuma nyanya tatu leo na nne keshokutwa, hana sababu ya kuiacha, kwa kuwa huendelea kuzaa kwa muda mrefu. Kinyume chake ni Cal-J na Roma VF. Hizi ni fupi, matunda yake ni magumu na yanavumilia safari, ila huiva kwa kipindi kifupi. Mfanyabiashara hufurahi, familia iliyotarajia nyanya za miezi mingi huona imepunjwa.

Roma VF imewavunja moyo wengi pia kwa sababu ya herufi zake mbili. Wapo wanaozichukua kuwa dhamana dhidi ya kila ugonjwa. Maana yake ni finyu zaidi: ustahimilivu dhidi ya minyauko miwili iletwayo na kuvu wa udongoni, yaani Verticillium na Fusarium. Hazizungumzii bakajani chelewa, inayopenda ubaridi na unyevunyevu wa milimani na inayoweza kuliunguza shamba kwa siku chache. Wala hazizungumzii kantangaze, yule mdudu atoboaye majani na matunda. Waliohamia Tengeru 97, aina iliyotoka kituo cha utafiti cha Tengeru mkoani Arusha, wamepata tunda linalokaa siku nyingi na mmea unaostahimili minyoo fundo. Lakini nao bado wanapaswa kuilinda miche yao na bakajani.

Katika kabichi, lawama nyingi huiangukia Copenhagen Market. Hukomaa mapema, lakini ikiachwa shambani baada ya kukomaa, kisha mvua ikanyesha, hupasuka. Anayesubiri bei ipande atapoteza. Anayevuna kichwa kimoja kila siku kwa ajili ya chungu chake hatapata tatizo kubwa. Gloria F1 huvumilia kungoja zaidi, ila mbegu yake ni ghali. Zote mbili hupenda ubaridi. Huko juu, kuelekea Shengena, mlima unaopita mita 2,400, kabichi hufunga vizuri. Ukiipanda Same mjini wakati wa joto kali, majani yatatanuka na kichwa kitakuwa chepesi. Bamia ni kinyume chake: Clemson Spineless hustawi katika joto la tambarare, na ikipelekwa kwenye ubaridi wa Chome hudumaa.

Kisa cha vitunguu ni cha kusikitisha zaidi, kwa sababu mara nyingi huanza na zawadi. Ndugu aliyeko Ulaya hutuma mbegu nzuri, mpokeaji huzitunza kwa bidii, na mwisho wake huvuna majani na shingo nene bila kitunguu. Mbegu haina ubovu. Vitunguu huanza kujaza kwa kufuata urefu wa mchana, na aina nyingi za Ulaya ya kaskazini husubiri mchana wa saa 14 au zaidi. Same iko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Mbegu hiyo ingesubiri hapa milele. Red Creole na Bombay Red zinaufahamu mchana wetu. Texas Grano nayo hujaza, tena kitunguu kikubwa na kitamu, lakini haihifadhiki. Anayetaka kuweka akiba darini ataikuta imeoza.

Kundi jingine ni la wale walionunua mbegu chotara, zenye alama ya F1, wakapata mavuno mazuri, kisha wakakamua mbegu za matunda yale na kupanda msimu uliofuata. Wakapata mchanganyiko: mti mmoja mrefu, mwingine mfupi, matunda yasiyofanana. Hiyo ndiyo tabia ya chotara. Sifa zake hutawanyika katika kizazi cha pili. Anayetaka kujiwekea mbegu achague aina za kawaida zisizo chotara, kama vile Tengeru 97 au mchicha wetu.

Inabaki mbegu iliyokufa kabla ya kupandwa. Mbegu za vitunguu hupoteza uhai upesi, na joto la duka lenye paa la bati huharakisha jambo hilo. Kabla ya kusia kitalu, chukua mbegu 20, ziviringishe katika kitambaa kibichi, uhesabu zilizoota. Zikiota 5 tu, una ushahidi. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 iliunda taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, TOSCI, yenye makao Morogoro. Na katika fikihi, mnunuzi aliyekuta kasoro iliyokuwamo katika bidhaa kabla ya kuuziwa ana hiari ya kuirudisha, naye muuzaji anayeijua kasoro hawezi kuificha akawa salama mbele ya Mola wake. Lakini haki hiyo ina upande wa pili: tusimtuhumu mwenye duka kwa kabichi tuliyoipanda juani.

Wanachuoni wamepokea kisa cha watu wa Madina waliokuwa wakichavusha mitende yao. Mtume (s.a.w.) alidhani kwamba huenda hakuna haja; wakaacha, na mavuno yakawa duni. Walipomweleza, aliwabainishia kwamba katika mambo kama hayo ya dunia yao, wao ni wajuzi zaidi. Tunajifunza kwamba uzoefu wa mwenye shamba ni elimu yenye heshima yake. Basi elimu hiyo isiishie kwenye malalamiko ya barazani.

Ushauri wangu ni kwamba kila kundi la akina mama au kamati ya msikiti iwe na daftari moja. Ndani yake liandikwe jina la aina kamili kama lilivyo kwenye pakiti, kijiji ilikopandwa, mwezi, namna ya kumwagilia, na kilichovunwa. Anayejaribu aina mpya aipande tuta moja kwanza, kando ya ile aliyoizoea. Kwa njia hiyo, in shaa Allah, dada wa Mwembe atakayetaka kununua mbegu msimu ujao atasoma kwanza yaliyomfika mwenzake wa Mamba, na kujua kama shamba lake linafanana na la yule au la.