Kachori za viazi: kupika vizuri na kupiga hesabu kabla ya kuuza

(MUZIKI WA KUFUNGUA. UNAPANDA, KISHA UNASHUKA CHINI YA SAUTI)

MTANGAZAJI: Leo tunaingia jikoni. Mwenye kalamu aishike. Asiye nayo asihangaike, vipimo tutavirudia mwishoni.

Mada yetu ni kachori za viazi. Kachori ni tonge la viazi vilivyopondwa na kutiwa viungo, linalochovywa kwenye uji mzito wa unga wa dengu, kisha likakaangwa ndani ya mafuta. Tunasema viazi mviringo, vile ambavyo majirani zetu Wanyarwanda huviita ibirayi. Viazi vitamu tuviache pembeni leo.

Asili ya chakula hiki ni India. Kule Mumbai wanakiita batata vada. Huku kwetu, Mombasa na Zanzibar wanasema kachori, na Zanzibar huitia hata ndani ya bakuli la urojo. Neno batata ni la Kireno, na ndilo lililozaa mbatata, jina la kiazi linalojulikana pwani. Wahindi walifanya biashara pwani kwa miaka mingi, na kuanzia mwaka 1896 maelfu wengine waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Kisumu. Walikuja na mapishi yao. Chapati unayokunywa nayo chai asubuhi ina asili hiyo hiyo ya Kihindi. Kwa hiyo kachori si mgeni. Ni ndugu ya chapati ambaye huenda bado hajafika nyumbani kwako.

Kwa nini tuzungumze juu yake leo? Kwa sababu wengi kati yetu tunatafuta kazi ndogo ya kuongeza kitu mezani. Mnakumbuka mwezi wa tatu mwaka 2021, WFP ilipopunguza msaada wa chakula kwa wakimbizi nchini Rwanda kwa asilimia 60 kwa kukosa fedha. Tangu wakati ule mama wengi wamejaribu kuuza maandazi, sambusa au mboga. Kachori nayo inaweza kuuzwa. Lakini mafuta ni ghali, na sufuria moja iliyoharibika inaweza kula pesa ya wiki nzima. Ndiyo maana tutaanza na upishi, kisha usalama, halafu hesabu.

(SAUTI YA SUFURIA NA KISU. SEKUNDE 5)

MTANGAZAJI: Kachori nzuri inasimama juu ya mambo matatu: kiazi kikavu, uji mzito na mafuta ya moto. Moja likikosekana, kachori inapasuka au inakunywa mafuta.

La kwanza, kiazi kikavu. Chagua viazi vyenye unga, vinavyopasuka ngozi vikichemka. Sokoni uliza aina ya Kinigi, yenye ngozi nyekundu. Vichemshe na maganda yake, bila kumenya na bila kukata, ili visinywe maji. Kisu kikiingia bila shida, mwaga maji yote, rudisha sufuria jikoni dakika moja ili mvuke utoke, kisha menya na uponde vikiwa na joto. Viache vipoe kabisa kabla ya kufinyanga.

Sasa viungo. Weka mafuta kijiko kimoja kwenye kikaango. Kaanga kitunguu kimoja kilichokatwa kidogo kidogo, kitunguu saumu punje tatu na kipande cha tangawizi. Ongeza kijiko kidogo kimoja cha bizari nyembamba, ambayo wengine huiita jira, na nusu kijiko kidogo cha manjano. Vikitoa harufu, epua, changanya na viazi, tia chumvi, pilipili na ndimu kidogo. Majani ya giligilani yanapendeza. Ukiyakosa, katia seleri au majani ya kitunguu. Ukikosa bizari pia, tangawizi na kitunguu saumu vinatosha kuleta ladha. Kama watoto wadogo watakula, watengee matonge yao kabla ya kutia pilipili.

Finyanga matonge ya ukubwa wa yai la kuku, yawe laini na bila ufa. Kilo moja ya viazi inatoa kama matonge 20.

La pili, uji mzito. Chukua kikombe kimoja na nusu cha unga wa dengu, chumvi kidogo na manjano kidogo. Ongeza maji polepole huku ukikoroga mpaka mabonge yaishe. Chovya kijiko: uji ukifunika mgongo wa kijiko bila kuchuruzika wote, uko tayari. Ukiwa mwepesi, ongeza unga.

Najua mtauliza: unga wa dengu tutaupata wapi kambini? Hapa Kigali unapatikana kwenye maduka ya Wahindi mjini. Kambini unaweza kusaga njegere kavu zilizotolewa maganda, kisha ukachekecha unga wake. Njia nyingine ni kuchanganya unga wa ngano vikombe viwili na unga wa mahindi laini nusu kikombe. Ladha itabadilika kidogo, lakini tonge litafunikwa vizuri.

La tatu, mafuta ya moto. Tumia sufuria ndogo yenye kina, siyo pana, ili nusu lita ya mafuta ikutoshe. Dondosha tone la uji. Likikaa chini bila kusogea, mafuta bado hayajapata moto. Likipanda juu mara moja na kutoa mapovu, anza. Mafuta yakitoa moshi, yamezidi, punguza moto. Weka kachori nne au tano kwa wakati mmoja. Ukijaza sufuria, mafuta yanapoa na kachori zinalowa. Ndani kumeshaiva, kwa hiyo dakika tatu au nne zinatosha, mpaka ganda liwe la dhahabu.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Sasa sikilizeni kwa makini, maana nyumba zetu zimebanana na watoto hawakai mbali na jiko. Iwe unatumia gesi au mbabula ya makala, weka jiko mahali tambarare, mbali na mlango na pazia. Geuza mkono wa sufuria upande wa ndani. Mafuta yakishika moto, usimwage maji hata kidogo, kwa sababu maji yatarusha moto juu. Zima gesi kama unaweza kuifikia, funika sufuria kwa kifuniko cha chuma, na usiibebe. Mtu akiungua, mwagia jeraha maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala siagi. Kisha mpeleke kituo cha afya.

Mafuta yanaweza kutumika tena. Yakipoa, yachuje kwa kitambaa safi na uyafunike. Lakini yakiwa meusi, yakitoa povu au harufu mbaya, yamekwisha. Kachori zenyewe ziuzwe siku ile ile. Kiazi kilichopondwa kinaharibika haraka, na tumbo la mteja likiuma, hatarudi.

Tuje kwenye hesabu. Bei zinatofautiana kati ya soko na soko, kwa hiyo hizi ni za mfano tu. Weka zako. Tuseme viazi faranga 600, unga 500, mafuta yaliyopungua 500, viungo 200, makala au gesi 200. Jumla ni 2,000. Umepata kachori 20. Ukiuza kila moja 100, jioni utashika 2,000 mkononi na utafurahi. Lakini hiyo siyo faida, mama. Ni pesa yako uliyotoka nayo asubuhi, na jasho lako limekwenda bure. Ukiuza 150, utapata 3,000, faida 1,000. Sasa watoto wakila nne, zimebaki 16. Utapata 2,400, faida 400. Hatusemi watoto wasile. Tunasema waandike nao kwenye hesabu, ujue chakula cha nyumbani kimegharimu nini.

Kwa hiyo anza na kilo moja tu, uwaonjeshe majirani, usikie wanasemaje kabla ya kununua gunia. Usikope mtaji kwa riba kwa ajili ya jaribio la kwanza. Na kabla ya kuweka meza njiani, zungumza na kamati ya kambi ujue mahali panaporuhusiwa.

Narudia vipimo, polepole. Viazi kilo moja. Kitunguu kimoja. Kitunguu saumu punje tatu. Tangawizi kipande. Bizari nyembamba kijiko kidogo kimoja. Manjano nusu kijiko kidogo, na kidogo tena kwa uji. Unga wa dengu kikombe kimoja na nusu. Mafuta nusu lita. Chumvi, pilipili na ndimu kwa kuonja.

Kaka na baba zetu, kumenya viazi hakuhitaji jinsia. Shikeni kisu msaidie. Nawatakia mapishi mema na riziki njema. Kwaherini.

(MUZIKI WA KUFUNGA)