Nenda Saa ya Chakula cha Jioni

Januari mume wangu aliteleza kwenye barafu mlangoni petu, hapa Minneapolis, akavunjika nyonga. Siku ya nne baada ya upasuaji, afisa ustawi wa hospitali alinipa karatasi yenye majina tisa ya vituo vya uuguzi na mazoezi, akataka jibu kesho yake mchana. Miaka kumi na moja nimeogesha na kugeuza wagonjwa kwenye vituo vya namna hiyo, zamu za usiku, na bado karatasi ile ilinitetemesha mikono.

Jioni ikaingia simu kutoka Tanga. "Wifi, kweli unampeleka kaka nyumba ya wazee?" Nikamwambia, "Wifi yangu, anakwenda kufundishwa kutembea upya. Akiweza kupanda ngazi, anarudi kitandani kwake." Sikumlaumu. Hata huku wengi huchanganya mambo hayo mawili, kwa sababu mara nyingi yamo ndani ya jengo moja.

Kuhusu fedha, Medicare ya kawaida, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hulipia kituo kama hicho ikiwa mgonjwa amelazwa hospitali siku tatu mfululizo. Tahadhari hapo: kuna wanaolala wodini wakiwa "chini ya uangalizi" tu, na usiku huo hauhesabiwi. Uliza waziwazi, "Amelazwa rasmi?" Siku 20 za kwanza hulipiwa zote, kuanzia ya 21 hadi ya 100 mgonjwa huchangia, na mwaka 2025 mchango huo ulikuwa dola 209.50 kwa siku. Baada ya hapo ni mfuko wako.

Serikali ina tovuti iitwayo Care Compare, inayovipa vituo nyota moja hadi tano. Mimi nyota ya jumla siitazami sana. Baadhi ya takwimu za ubora huletwa na vituo vyenyewe, kwa hiyo naangalia ripoti za ukaguzi na idadi ya wafanyakazi, hasa wa Jumamosi na Jumapili, na wangapi huacha kazi kwa mwaka. Mahali ambapo wasaidizi hawakai, mgonjwa kila wiki anashikwa na mikono isiyomjua.

Kisha nikaenda mwenyewe saa kumi na moja jioni, saa ya chakula, wakati meneja wa kupokea wageni ameshaondoka.

Kituo cha kwanza kilikuwa na piano na maua ukumbini. Ghorofa ya pili, taa ya kuitia msaada ilikuwa inawaka juu ya mlango mmoja. Nikatazama saa yangu. Dakika ishirini na mbili. Ndani, mzee wa watu alikuwa kitandani, na jagi lake la maji liko dirishani, mbali na mkono wake. Nilimsogezea maji, nikaenda kumtafuta muuguzi, kisha nikafuta jina lile kwenye karatasi.

Cha pili zulia lilikuwa limechakaa. Lakini karibu na meza ya wauguzi ilibandikwa idadi ya waliomo zamuni siku hiyo, kama sheria inavyotaka, na msaidizi mmoja alikuwa amekaa, hakusimama, akimlisha bibi mmoja kijiko kwa kijiko, akingoja ameze. Nikamuuliza, "Dada, leo una wagonjwa wangapi?" Akajibu bila kugeuka kuona nani anasikia: "Wanane. Wikendi huwa kumi." Chumba cha jirani niliona visigino vya mgonjwa vimeinuliwa juu ya mto, visiguse godoro. Huko mara nyingi vidonda vya kulalia huanzia, na anayeviinua hajafundishwa jana.

Nikauliza na yetu: chakula kisicho na nguruwe, maji ya kutawadha, na mwanamume wa kumwogesha mume wangu. Muuguzi aliandika yote matatu mbele yangu. Mgonjwa ana haki ya kuyaomba hayo, msione haya kuyataja siku ya kwanza.

Siku ya kumi na sita akiwa kituoni hapo, mume wangu alinipigia mwenyewe, asubuhi. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amemfunga mkanda kiunoni, akamshikilia kwa nyuma, na mzee akapanda ngazi tatu za mbao. "Mama Watoto," akasema akihema, "kwetu ziko ngapi vile?"

"Nne," nikamwambia.

"Basi kesho."