Nobel alikufa 1896, pesa zake bado zinatoka. Na za kikundi chenu je?

WENGI tunamkumbuka Prof Wangari Maathai kwa Tuzo ya Amani ya Nobel aliyotwaa 2004. Wachache huuliza zile chapaa hutoka wapi, ilhali Alfred Nobel aliaga dunia 1896.

Hutoka kwa hazina ya wakfu: mtaji unahifadhiwa, faida ndiyo hutumiwa. Wosia wake ulitaka pesa ziwekwe mahali salama, na kwa miaka mingi hilo lilimaanisha bondi na mikopo ya uhakika. Salama kweli? Tuzo ya kwanza, 1901, ilikuwa krona 150,782 za Uswidi. Kufikia 1923 ilikuwa imeshuka hadi 114,935, na hizo zenyewe zilikuwa zimeliwa na mfumko wa bei. Ruhusa ya kununua hisa kwa uhuru ilikuja 1953. Thamani halisi ya tuzo ilirudi ilikoanzia 1991.

Sasa njoo kwa kikundi chenu cha wanafunzi wa zamani. Tuseme mmechanga Sh10 milioni, kila mwaka mnatoa asilimia 5 za basari, benki inawapa riba ya asilimia 7, na bei zinapanda kwa asilimia 5 (ndilo lengo la Benki Kuu, ingawa mama mboga ana maoni yake). Baada ya miaka 20 akaunti itasoma karibu Sh14.9 milioni. Mtapigiana makofi. Kumbe kwa bei za leo hizo ni Sh5.6 milioni tu! Basari iliyolipia watoto 10 italipia watano, labda sita.

Hilo ni jaribio la kwanza, na simu yako inatosha kulifanya. La pili ni gumu kidogo, maana miaka haifanani. Hisa zikianguka mapema huku mnaendelea kutoa karo, mnauza kwa hasara na kinachobaki hakitoshi kuwainua soko likipona. Ndiyo maana wataalamu huchukua mchanganyiko wa hisa, bondi na majumba, wakaupitisha kwenye kompyuta mara maelfu, kila mara miaka mibaya ikipangwa kivingine. Kisha wanahesabu ni mara ngapi hazina imelinda thamani yake. Ikifaulu nusu tu, hiyo ni kamari.

Matokeo yakiwa mabaya, mtaongeza hisa na kuvumilia misukosuko, au mtapunguza mnachotoa. Mwaka wa 2012 Wakfu wa Nobel ulikata tuzo kutoka krona milioni 10 hadi milioni 8. Ilirejea milioni 10 mwaka wa 2020. Kukata basari ni kuchungu zaidi, mtoto akiwa tayari darasani. Basi kipengele hicho kiandikwe kwenye katiba ya kikundi kabla ya karo ya kwanza kulipwa.